Nguo, Jina na Jicho la Jirani



Mtu atokapo kwake asubuhi kwenda mahakamani, au kwenda kumwona mwenye kazi amwombe ajira, hufanya mambo asiyoyafanya siku nyingine. Huoga mapema, huipiga pasi kanzu yake au koti lake, huvipangusa viatu, na pengine hupitia kwa ndugu yake kuazima kofia. Njiani huyapanga maneno yake moyoni. Afikapo mlangoni hupunguza mwendo, hukohoa kidogo, hubisha hodi, na ule uso uliokuwa na wasiwasi hugeuka ukawa uso wa utulivu. Hajasema neno lo lote, lakini amekwisha sema mengi. Amewaeleza watakaomwona wamhesabu kuwa mtu wa namna gani, na wamtendee vipi.

Wako watu wanaoliita jambo hili unafiki, na husema kwamba cha kuazima hakisitiri. Pengine ni kweli kwa kijana anayejikopesha suti ili awatishe wenzake katika dansi. Lakini liko fungu moja la historia ya pwani ya Afrika ya Mashariki lionyeshalo kwamba jambo lenyewe ni zito kuliko hivyo. Nalo ni habari ya watu waliokuwa watumwa, pamoja na watoto wao, kati ya miaka ya 1870 na 1930 hivi. Kwa watu hao nguo haikuwa pambo. Ilikuwa dai, na dai hilo liliweza kukubaliwa au kukataliwa na kila mtu aliyepita njiani.

Katika karne ya 19, mgeni aliyeshuka chomboni Unguja, Mombasa au Lamu hakuwa na haja ya kuuliza nani bwana na nani mtumwa. Nguo zilimjibu. Mtu wa daraja alivaa kanzu, na siku ya jambo alitia joho juu yake na jambia kiunoni. Kichwani alikuwa na kilemba au kofia, na miguuni viatu vya ngozi. Mtumwa mwanamume alijifunga nguo kiunoni, kichwa wazi, miguu mitupu. Mtumwa mwanamke alijifunga kipande cha merikani au cha kaniki chini ya kwapa, na mabega yake yalikuwa wazi. Merikani ilikuwa nguo isiyotiwa rangi, iliyoletwa na merikebu za Marekani, hasa za mji wa Salem. Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833. Kaniki ilikuwa nguo ya pamba iliyochovywa katika rangi ya nili mpaka ikakaribia weusi. Zote mbili zilikuwa rahisi kwa bei, na zote mbili zilimtangaza mvaaji wake.

Huko Lamu, bibi wa ukoo mkubwa alipotoka nyumbani alitembea ndani ya shiraa, ambayo ilikuwa kama hema la nguo, ili jicho la mpita njia lisimfikie. Hema hilo halikujibeba. Lilishikwa na vijakazi, nao walikwenda nje yake, wakaonwa na watu wote. Basi hata kufichika kwa mmoja kulihitaji kuonekana kwa mwingine.

Hayo yote yalikuwa desturi. Mtumwa aliyevaa kofia mbele ya bwana wake, au aliyepita mbele ya baraza ya wazee na viatu miguuni, hakuhitaji kushitakiwa popote. Wazee walimwita, wakamwuliza amekuwa nani. Desturi inayolindwa na macho ya mji mzima huwa ngumu kuivunja kuliko amri inayolindwa na askari wawili.

Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba mtumwa wa mjini hakufungiwa ndani mchana kutwa. Wengi walitolewa kwa ujira, wakachukua mizigo bandarini au wakafanya kazi katika maghala, na ujira huo waligawana na mabwana zao, mara nyingi nusu kwa nusu. Neno kibarua asili yake ni barua ndogo, yaani kile kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Kwa nusu yake hiyo mtu aliweza kula, na akijinyima aliweza kununua kanzu. Kuinunua haikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa kupata mahali pa kuivalia.

Mahali hapo palipatikana mbali, katika misafara ya bara. Wapagazi na askari waliotoka Unguja na Bagamoyo kwenda Tabora, Ujiji na Manyema walijiita Waungwana. Maana ya neno hili ni watu waliozaliwa huru, wenye adabu za mjini, na kinyume chake ni watumwa. Lakini wengi miongoni mwa Waungwana hao walikuwa watumwa hasa, waliokodishwa na mabwana zao, na sehemu ya mshahara wao ilikwenda kwa mabwana hao. H. M. Stanley aliondoka pwani na watu wa namna hiyo mwaka 1874, akavuka nao bara zima hata akatokea Boma, karibu na mdomo wa mto Kongo, mwezi wa Agosti 1877. Katika vitabu vyake huwaita kwa jina lile lile walilojiita wenyewe. Na nani angewakatalia? Huko Manyema hapakuwa na mzee wa mtaa aliyekumbuka siku mtu huyu alipouzwa, wala bibi aliyemjua mama yake jikoni. Wenyeji waliona kanzu, bunduki na kofia, wakasikia Kiswahili cha pwani, wakaamini. Msafara uliporudi Bagamoyo, mtu yule yule alipanda chombo na kuvuka bahari, na aliposhuka Unguja alikwenda kumpelekea bwana wake fungu lake la fedha, kichwa wazi.

Jina hilo halikupotea. Vijana wa Manyema waliofuatana na Hamed bin Muhammed, yule aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, nao walivaa kanzu, wakajifunza Kiswahili, wakajiita Waungwana vile vile. Ndiyo sababu Kiswahili cha upande wa mashariki wa Kongo kiliitwa Kingwana. Lakini si vema kulisifu jambo hili lote. Wengi wa watu hao walijipandishia heshima kwa kuivunja ya wenzao. Waliwaita wenyeji washenzi, wakashiriki katika kuteka vijiji na kuwafunga watu minyororo, watu ambao miaka michache nyuma walikuwa sawa nao katika dhiki. Mtu anayetaka kuonekana mkubwa hujaribiwa kumtafuta wa kusimama chini yake, ili urefu wake uonekane.

Sheria ilikuja polepole. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia mkono mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini, na soko lao la Unguja likafungwa. Tarehe 6 Aprili 1897 ilitoka amri ya Sultani Hamoud iliyoondoa hali ya utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba, na katika pwani ya Kenya sheria kama hiyo ilifuata mwaka 1907. Masuria waliachwa nje ya amri ya Unguja mpaka mwaka 1909.

Watu husoma habari hizo leo wakafikiri kwamba asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1897 kila mtu aliamka akiwa huru. Haikuwa hivyo. Amri ile ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani akaombe uhuru wake, tena aonyeshe kwamba ana makao maalum na njia ya kujipatia riziki, asije akahesabiwa kuwa mzururaji. Wengi hawakwenda. Wengine waliogopa kupoteza shamba dogo walilolima katika ardhi ya bwana. Wengine walipendelea hati ya bwana mwenyewe, iliyoandikwa mbele ya mashahidi, kwa kuwa machoni pa majirani uhuru wa namna hiyo ndio uliotimia katika dini. Na karatasi ya uhuru, hata itoke wapi, ilikuwa na kasoro moja isiyoweza kufutwa. Ilisema kwamba fulani ni huru, na katika mstari ule ule ilisema kwamba fulani alikuwa mtumwa. Mtu atamwonyesha nani karatasi kama hiyo? Akiiweka sandukuni haimsaidii; akiitoa inamwaibisha.

Ndipo watu wakaikimbilia nguo, kwa kuwa nguo yasema habari ya leo bila kutaja ya jana.

Wakati huo huo, kwa bahati njema, nguo mpya ilikuwa imeingia sokoni. Wanawake wa pwani walikuwa wamezoea kununua vitambaa vya mkono vyenye maua, viitwavyo leso, neno lililotoka kwa Wareno. Walivinunua vikiwa bado havijakatwa, wakaviunganisha kwa kuvishona mpaka vikawa nguo moja pana. Baadaye wafanyabiashara wakaona faida, wakaagiza nguo iliyochapwa nzima, yenye pindo pande zote na mji katikati. Unguja iliitwa kanga, kwa madoa yake yaliyofanana na ya yule ndege. Mombasa ilibaki leso. Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza biashara ya nguo hizo Mombasa mwaka 1887, na alama yake ilijulikana pwani nzima. Kanga zilichapwa Uholanzi na Uingereza, lakini aliyetoa hukumu juu yake alikuwa mwanamke wa pwani. Maua yakishapitwa na wakati, hakuna aliyeyataka hata kwa nusu ya bei, na mwenye duka alibaki na marobota yake.

Kanga huuzwa jozi. Moja hufungwa mwilini, ya pili hutupwa kichwani na mabegani. Katika jambo hilo dogo ndimo mlimokuwa na habari yote. Mwanamke ambaye mama yake alipita sokoni mabega wazi katika kaniki, sasa alipita sokoni amejisitiri kichwa, kwa nguo aliyoinunua kwa fedha zake. Hakumtukana mtu. Hakuomba ruhusa. Aliyemwona ilimpasa aamue palepale kama atampisha njia na kumwamkia kama bibi wa watu, au atamwita kwa jina la utumwani mbele ya wanunuzi wote. Baadaye yalikuja maandishi juu ya kanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi, na mwanamke akaweza kumwambia jirani yake neno la kuchoma bila kufumbua mdomo. Mwanzoni mwa karne ya 20 buibui nalo likaenea, na chini ya buibui jeusi bibi wa ukoo na mjukuu wa kijakazi walikuwa rangi moja.

Wanaume nao walifanya vivyo hivyo. Kanzu nyeupe na kofia ya viua vikawa vazi la kila mwenye kuweza kununua. Majina pia yakabadilika. Mtu aliyeitwa Mabruki, Farjala au Faida, majina ambayo yalinuka utumwa masikioni mwa wenye mji, aliwaita watoto wake kwa majina ya waungwana, na mtoto akitajwa kwa bin au binti akawa na nasaba inayoanza mahali.

Ni wazi kwa nini jambo hili halikuwapendeza wote. Mtu ambaye heshima yake yote imo katika kutofautiana na wengine hupata hasara siku wengine wakifanana naye. Basi kila watu walipopanda ngazi, ngazi ilisogezwa. Ikiwa nguo zimekuwa moja, nguo iliacha kutosha, na swali jipya likaulizwa barazani na katika posa: wewe ni wa nani? Swali hilo halijibiwi na duka lo lote. Lilitaka jina la babu, na mji, na mtaa, na kaburi. Hata katika vitabu vya hesabu ya watu vya Unguja mchezo huu waonekana. Katika hesabu ya mwaka 1924 watu wengi sana waliandikwa kuwa Waswahili; katika ile ya mwaka 1931 walioandikwa kwa jina hilo walikuwa wamepungua mno. Watu hawa hawakufa wala hawakuhama. Jina la Mswahili lilikuwa limeanza kunong'onezwa kuwa maana yake ni mtu aliyetoka utumwani, na karani alipofika mlangoni wengi walimpa jina jingine.

Vijana wengine walichoka na swali hilo la nasaba, wakatafuta watazamaji wapya. Hiyo ndiyo asili mojawapo ya ngoma ya beni, iliyoanza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890. Walivaa mavazi ya kiaskari na ya mabaharia, wakapiga tarumbeta, wakaenda kwa gwaride, wakapeana vyeo. Mombasa walishindana Kingi na Scotchi, na baadaye majina ya Marini na Arinoti yakaenea mpaka ndani ya Tanganyika kwa njia ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Wazungu wengine waliwacheka wakidhani wanaigizwa tu. Lakini mchukuzi wa bandarini, ambaye siku sita za juma aliitwa kwa kupigiwa mluzi, siku ya saba alipigiwa saluti na watu mia. Si ajabu alilipa ada yake bila kuchelewa.

Miongoni mwa watu wote wa zama hizo, yuko mwanamke mmoja ambaye maisha yake yanaonyesha mwisho wa jambo hili kwa namna isiyotazamiwa. Alizaliwa Fumba, kijiji cha Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi kwa asili, mama yake Mzigua. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Mama yake alifinyanga vyungu, na binti alivichukua kichwani kwenda kuviuza, akiimba njiani ili wanunuzi wamsikie kabla ya kumwona. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza uimbaji kwa wanamuziki wa huko, na haukupita muda akawa anaitwa katika maharusi na katika nyumba za wakubwa, hata mbele ya Sultani. Mjini alipewa jina jipya: Siti, yaani Bibi. Tangu hapo akawa Siti binti Saad. Kutoka Mtumwa hadi Siti ni safari ndefu kuliko ya Bagamoyo na Manyema.

Si wote waliokubali. Sifa zake zilipozidi, wapinzani wake walimtungia kejeli iliyoimbwa mjini, ikiwakumbusha watu jinsi alivyoingia kutoka shamba, na ile nguo ya kimaskini aliyokuwa nayo mwilini siku hiyo. Ndiyo kaniki iyo hiyo. Miaka ilikuwa imepita, amri ya 1897 ilikuwa imezeeka, mwenyewe alikuwa na nguo za kutosha; lakini jicho la jirani lilikuwa limeihifadhi kaniki ile kama karani anavyohifadhi faili.

Watu wengi wangefanya nini? Wangetafuta babu wa kubuni. Wangesema kwamba ukoo wao ulitoka Uarabuni au Ushirazi, na kwamba aliyevaa kaniki ni mtu mwingine. Wengi walifanya hivyo, na hakuna haki ya kuwalaumu sana, kwa kuwa nyuma ya uongo wao palikuwa na posa za mabinti na nafasi katika safu za msikiti. Siti hakufanya hivyo. Alijibu kwa wimbo, na katika jibu lake hakuikana kaniki wala hakudai nasaba. Alisema kwa maana kwamba sura nzuri na ukoo mkubwa havimfai kitu mtu aliyekosa akili. Waliotaka kumvua nguo hadharani walikuta hana alichokificha ndani yake. Kejeli ilibaki, watu waliendelea kuijua, lakini ilikuwa imekwisha nguvu. Marehemu Shaaban Robert, alipoandika wasifu wake, hakuona haya kumweka miongoni mwa watu wa kuigwa.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kutiwa sauti zao katika sahani za santuri za kampuni ya His Master's Voice. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kufanya hivyo, naye aliimba kwa Kiswahili. Sahani hizo ziliuzwa Unguja na pwani na bara. Alifariki mwezi wa Julai 1950.

Sasa mfikirieni mtu aliyeketi ugani kwake Mombasa au Tanga katika miaka ile, ameikodolea macho santuri inayozunguka. Haioni nguo ya mwimbaji. Haioni miguu yake kama ina viatu, wala kichwa chake kama kimefunikwa. Hana mzee wa mtaa karibu wa kumnong'oneza kwamba mama yake alifinyanga vyungu Fumba. Anasikia sauti, na kama ajua kusoma, anasoma katikati ya sahani jina moja tu, Siti binti Saad. Kisha anawaambia watoto wanyamaze, Bibi anaimba.